Turbo Mbili Kawangware, na Kwa Nini Hatutakimbia Bypass

Wasee, wacha nianze na jibu. Wenye haraka waende zao, wenye subira tubaki. Hapana. Hatutapeleka gari Southern Bypass saa nane usiku. Hatutaipeleka Ngong Road, na hatutaipeleka ile barabara mpya inayokata Kibera. Tangu niweke video ya injini ikiwaka mara ya kwanza, jumbe zimekuja mpaka simu inapata joto, na karibu zote zinasema kitu kimoja: "Itoe sasa tuone." Kuna mmoja hata alisema atalipia mafuta. Asante buda, lakini mafuta si shida. Okei, mafuta ni shida, lakini si hiyo.

Kwa wageni: sisi ni watu watatu, mimi, binamu yangu wa boda, na fundi wetu. Tunajenga Subaru Legacy B4 ya mwaka wa 2000 ndani ya ploti moja Kawangware, dakika chache kutoka stegi ya 56. Ni gari ya dragi. Unasimama kwenye mstari, taa inawaka kijani, unakanyaga, na baada ya mita 402 kazi imeisha. Hakuna kona. Watu hudhani ni mchezo wa wavivu kwa sababu hakuna kona. Jaribu kuifanya injini ya miaka ishirini na kitu ikupe kila kitu kwa sekunde kumi na nne bila kupasuka, halafu uje tuongee.

Tuliipata ikiwa imekufa. Kila Mkenya mwenye gari anaogopa neno moja: kunoki. Ukisikia "injini imenoki" ujue kuna mtu analia mahali. Ndani kabisa ya injini kuna bearingi nyembamba kama kucha, zinakaa kati ya konrodi na krenki, na kinachozuia chuma kusugua chuma ni ngozi ya oili tu. Oili ikipungua, unaanza kusikia kok-kok-kok. Mwenye hii B4 aliiendesha na kok-kok yake miezi, akiongeza sauti ya redio, hadi siku ikakataa kabisa. Tukainunua kwa bei ya mabati na logibuku.

Fundi wetu alijifunzia kwa Peugeot 504 za matatu, huko miaka ya tisini. Darasa la turbo hajawahi kukalia. Lakini alipofungua hiyo injini aliiangalia kwa muda mrefu bila kuongea, akachukua maikromita yake ya zamani, akapima krenki mahali pa kila bearingi, mara tatu tatu, akaandika kwa chaki ukutani. Hizo namba bado ziko ukutani. Keateka ameshatuuliza kama ni deni.

Sasa tuingie kwa turbo, maana hapa ndipo penye utamu.

Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwa injini unazungusha feni ya kwanza, ile ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa nyingi inachoma petroli nyingi, unapata nguvu nyingi. Turbo kubwa ina nguvu lakini inachelewa kuamka. Ndogo inaamka haraka lakini inaishiwa pumzi juu. Subaru wakataka vyote viwili, kwa hivyo kwa Legacy za enzi hiyo wakafunga turbo mbili: moja inafanya kazi peke yake kuanzia chini, halafu injini ikikaribia mizunguko 4,500 kwa dakika, ya pili inaingia. Zile za gia za mkono zilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, kwa injini ya lita mbili tu. Si mchezo.

Shida iko pale katikati. Wakati turbo moja inaikabidhi nyingine kazi, presha inashuka, na kwa kitambo gari inahisi kama kuna mtu ameishika bampa ya nyuma. Wenye hizi gari dunia nzima wamepapa jina: bonde la mauti. Na anayesimamia hayo makabidhiano ni boksi moja jeusi lililojaa solenoidi, na msitu wa paipu ndogo za mpira za vakyumu. Ukitaka picha yake, fikiria waya za stima za Gatwekera. Moja ikipasuka, turbo ya pili haiingii, au inaingia wakati wake, na hakuna taa yoyote ya dashibodi itakuambia ni gani.

Ndiyo maana ushauri wa kila mtu Nairobi ni mmoja: toa hizo takataka, weka turbo moja kubwa. Na kusema ukweli, kwa dragi pekee wako sawa. Hata Subaru wenyewe walifika hapo, maana Legacy iliyofuata baada ya 2003 ilikuja na turbo moja. Lakini turbo moja kubwa inataka manifoldi mpya, ekzosi mpya, pampu mpya na kompyuta mpya ya injini. Sisi tulikuwa na paipu za mpira na wakati.

Kwa hivyo tukabadilisha paipu zote. Siku nne. Tulizinunua kwa mita pale Kirinyaga Road, ambapo wazee bado wanapaita Grogan, na kila tulipotoa ya zamani tulipaka ncha zake rangi ya kucha ya dadangu ili tusichanganye. Nyekundu kwa nyekundu, zambarau kwa zambarau. Ilipofika ya kumi na tatu rangi zikaisha, tukaanza kuchanganya. Dadangu hakufurahi, na nimemnunulia nyingine, kabla hamjaanza.

Kuna kitu hamtasikia kwa video za Wajapani na Wamarekani: hawajui hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huku presha ya hewa ni kama bar 0.83, wakati Mombasa ni bar 1.01. Gari isiyo na turbo ikipanda kutoka Mombasa inafika hapa ikiwa imepoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na mwenyewe analaumu petroli. Turbo inaweza kufidia, lakini inalipia. Ukitaka ndani ya silinda kuwe na presha ile ile anayopata mtu wa Mombasa akiwa na bar 1 kwenye geji, huyo wa Mombasa anazidisha hewa yake mara mbili tu. Wewe wa Kawangware unaizidisha mara 2.4. Turbo inazunguka kasi zaidi, inapata joto zaidi, inazeeka haraka. Kwa hivyo msee akikuambia "cuzo wangu Mombasa anasukuma bar moja na nusu, weka hivyo hivyo," mpe chai na umwambie aende salama.

Na hewa nyembamba inafanya turbo kubwa ichelewe kuamka hata zaidi. Ile turbo yetu ndogo ya kwanza, ambayo kila mtu anaicheka, ndiyo inatutoa kwenye mstari.

Vifaa, sasa. Mnaniuliza sana kuhusu vifaa, mkidhani kuna karakana imefichwa nyuma ya kamera. Cha kutafutia uvujaji ni kifuniko cha paipu ya maji, kile cha plastiki, tumekitoboa tukaweka valvu ya tairi. Kinafungwa kwenye mdomo wa kuingizia hewa, jirani wetu wa pancha analeta kompresa, tunajaza hewa polepole, tunapaka maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitoka, hapo ndipo nguvu zako zinatokea. Mara ya kwanza povu lilitoka sehemu sita.

Cha pili nakipenda kuliko simu yangu. Kuna kelele ya hatari ambayo masikio ya kawaida hayashiki: petroli ikilipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Hizi injini zilitengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu, inayokaribia oktani 100, na yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Ukiongeza presha bila kuangalia, milipuko hiyo inakata pistoni kama biskuti. Kompyuta ya gari ina sensa yake ya kusikiliza, lakini fundi haiamini. Akachukua kipande cha paipu ya shaba ya friji, akakiponda upande mmoja, akatoboa, akakifunga na bolti kwenye blogi ya injini. Upande wa pili akaunganisha mpira mrefu hadi kwa vile vifuniko vya masikio vya watu wa kukata mawe. Unavivaa, unasikia kila kitu kinachoendelea ndani ya chuma. Mlipuko mbaya unasikika kama mchanga umemwagika kwa bati. Ukiusikia, unatoa mguu.

Kutuni kwenyewe hatufanyi kwa ploti, maana injini lazima ibebe mzigo. Tunakodi rola za kupima nguvu kwa saa, na hiyo saa ni ghali kiasi kwamba hatuongei tukiwa huko, tunaonyeshana vidole. Petroli inaungua kamili kwa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ukiwa umekanyaga na turbo zote mbili zimeamka, hutaki hiyo. Unataka petroli izidi, kama hewa 11.5 kwa 1, ile ziada ipooze silinda. Ikipanda kuelekea 13 chini ya presha, zima. Tumesimama kwa bar 0.9, na mara ya mwisho rola zilisoma farasi 208 kwa magurudumu. Kuna watu watacheka hiyo namba. Wacheke tu. Miezi minane iliyopita ilikuwa sufuri.

Ile milio ya pa-pa-pa mnayoiomba hamtaipata. Hiyo ni petroli inachomekea ndani ya ekzosi, na kwa mita 402 za gari kama yetu haiongezi kitu. Ploti ina familia kumi na moja na mtoto wa miezi mitatu. Tumeweka sailensa, nzima.

Nirudi kwa jambo lenyewe.

Wengine mnasema naogopa. Wengine, na hii inauma kidogo, mnasema ningelipa karo na hizo pesa. Nilisoma uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa pili, karo ikakatika, nikatoka. Sina hadithi ndefu hapo, na sitaki mnitumie kama mfano wa dropauti aliyetoboa, kwa sababu sijatoboa. Hesabu za presha nilizowaandikia hapo juu nilizitoa darasani. Maikromita niliitoa kwa fundi. Nahitaji zote mbili, na siku nikipata pesa ya kurudi nitaangalia. Mathe, anayeuza mitumba Toi, aliuliza swali bora kuliko yenu yote. Alizunguka gari mara moja, akaona tumeng'oa viti vya nyuma, akauliza, "Sasa hii itabeba nini?" Nikamwambia haibebi kitu. Akafikiria. "Kama mpira," akasema, na akaenda zake. Nafikiri alimaanisha kama kandanda: haulishi mtu, na bado kila mtu yuko uwanjani.

Mwezi uliopita mtu fulani alitupa elfu sitini tulete gari Bypass usiku, ishindane na Forester ya rafiki yake. Elfu sitini. Hiyo inakaribia kabisa bei ya kompyuta ya injini tunayoitafuta. Binamu yangu alitaka. Hakuongea na mimi wiki nzima, na hata sasa tunaongea kuhusu bolti tu. Hoja yake si ya kijinga, kwa hivyo niiweke hapa vizuri: watoto wa mitaa ya matajiri wanakimbia huko kila wikendi na magari ya mamilioni, hakuna anayewafanya kitu, kwa nini sisi tuwe watakatifu?

Kwanza kwa sababu sisi si wao. Kijana wa Kibera akisimamishwa usiku na gari ya turbo mbili, swali la kwanza halitakuwa leseni. Litakuwa, "Umeitoa wapi?" Yeye mwenyewe anajua, ameshaulizwa hilo swali akiwa na boda ya mkopo.

Halafu kuna hii ya pili, na ndiyo inanilaza macho.

Sikuzaliwa Kawangware. Nilizaliwa Kibera. Nilikuwa Fomu One Jumatatu ya 23 Julai 2018, tingatinga zilipofika alfajiri. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilikuwa kwenye ramani miaka mingi, na sisi tulikuwa katikati ya ramani. Watu wanaokadiriwa kufika 30,000 walipoteza makao. Shule zilianguka katikati ya muhula. Mathe alikuwa ameng'oa mlango wetu usiku uliotangulia, mlango wa mbao nzuri, na ndivyo tulivyoingia Kawangware: godoro, jiko, sufuria mbili na mlango usio na nyumba. Huo mlango ndio meza yetu ya kufungulia injini. Mnauona kwa kila video, ule wa kijani.

Barabara ni nzuri, sitadanganya. Pana, lami laini, kuna sehemu imenyooka vizuri kabisa kwa kazi yetu. Na watu wa kule bado wanaishi pande zote mbili. Mtoto anatumwa sukari upande wa pili. Mama mboga tuliyekuwa tukipakana naye aligongwa mwaka juzi akivuka saa tatu usiku na karai lake. Aliishi. Mguu haukurudi vile ulivyokuwa. Gari haikusimama, kwa hivyo hakuna anayejua kama dereva alikuwa anashindana au alikuwa anachelewa nyumbani, na kwa mguu wake haina tofauti.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu. Mwisho wa mita 402 gari kama yetu inaweza kuwa kwa 160. Hiyo ni mita 44 kila sekunde. Mtu akitokea gizani, unahitaji kama sekunde moja na nusu hata kabla mguu wako haujagusa breki. Mita 66 zimeenda bila wewe kufanya kitu. Sehemu ya taa za barabarani kule haziwaki. Sijengi gari miezi minane, napima krenki mara tatu, navaa masikio ya mawe ili pistoni isiumie, halafu nikaipeleke mahali ambapo kitu kisichopimwa ni mtu.

Najua video ya usiku ingeleta watazamaji mara kumi. Naiona hiyo hesabu pia.

Kwa hivyo tunangoja siku ya barabara iliyofungwa kisheria, yenye kibali cha shirikisho la mbio za magari la Kenya, ambulensi na mtu wa kukagua gari yako kabla hujasogea. Ni ghali kwa sisi. Ada, helmeti, suti isiyoshika moto, lori la kuibeba gari. Inaniudhi kwamba nchi iliyoanza Safari Rally mwaka wa 1953, nchi ambayo ilimwona Ian Duncan akishinda Safari ya 1994 na Patrick Njiru akimaliza wa nne kwa Impreza, bado mtoto wa mtaa anayejua kutuni injini anapata Bypass kwa urahisi kuliko anavyopata mstari halali. Fungeni barabara moja ya Industrial Area Jumapili moja kwa mwezi, asubuhi, mtuweke taa na ambulensi, muone kama hiyo Bypass haitanyamaza. Fundi anasema naota. Lakini ameshaanza kuuliza bei ya helmeti.

Hiyo ndiyo hali. Wiki hii turbo ya pili inachelewa kuingia tena, karibu mizunguko 5,200, na tumeshafuata kila paipu hadi rangi za kucha zinatuchanganya. Tunashuku solenoidi mbili ndani ya lile boksi jeusi. Kama uko na boksi la Legacy ya turbo mbili, B4 au ile ya wagoni, hata kama plastiki imepasuka, nitumie ujumbe. Bei tutaongea, na usianzie juu sana, mmeshaona tunafanyia kazi juu ya mlango.